Mashine ya Kantini: Chupa ya Ishirini na Nne

"Hodi!"

Ndiyo, sauti ile ile. Kama ulikosa gazeti la Jumamosi iliyopita, pole, lakini sitakuacha njiani. Tulimwacha Marcelino, fundi wa majokofu wa Mtaa wa Kipata, amepiga magoti sebuleni kwake mbele ya mashine kuukuu ya soda, zile za kutumbukiza sarafu. Mkono wa kushoto kashika chupa. Mkono wa kulia kashika karatasi ya waridi iliyotoka ndani ya chupa hiyo. Na chini ya karatasi kulikuwa na saini ya mtu aliyekuwa akibisha mlango.

"Hodi humu! Fundi, umelala?"

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, mwaka ule wa msako, themanini na tatu. Unaukumbuka. Mwenye katoni mbili za sabuni alizitupa mtaroni, mwenye vitenge alivichoma, na kule Jangwani watu walizoa sukari kwenye matope. Kukutwa na kitu usichoweza kukieleza kilikuwa kifungo.

Na karatasi hii angeieleza vipi? Ilikuwa geti pasi. Iliruhusu magunia mia mbili ya sukari yatoke bandarini kwa lori. Mdogo wake Marcelino, Pantaleo, aliyekuwa karani wa kantini ya makuli, alikuwa na mwezi wa sita rumande kwa magunia hayo hayo. Jumatatu asubuhi angesomewa hukumu, na kila mwenye kujua mambo ya mahakama alisema haitapungua miaka kumi na mitano.

Siku walipomchukua, Pantaleo alipiga kelele neno moja tu. "Kaka, ile mashine usiivunje! Itengeneze!" Watu wakasema kijana karukwa na akili.

Kantini ilipofungwa, Marcelino akainunua mashine kama chuma chakavu, akaisukuma kwa mkokoteni hadi Kipata. Miezi mitano aliihangaikia. Alikwangua kutu, akapiga msasa, akafua bodi, akabadili kompresa, akakata mpira wa mlango kutoka kwenye tyubu ya lori. Mashine ilikuwa na mifereji saba ya kuteremshia chupa. Sita mitupu, wa saba umeganda. Asubuhi hiyo ndipo alipokichomoa kilichougandisha: kijiko cha kantini, kimekunjwa mara mbili na kushindiliwa kwa makusudi. Kijiko kikatoka, chupa ikashuka yenyewe.

Kumbe Pantaleo alikuwa na akili zake zote.

"Nakuja!" Marcelino aliitikia.

Aifiche wapi? Wanamgambo walikuwa wanapekua hadi mifuko ya suruali. Pembeni ya mlango lilikuwepo kreti la chupa tupu la mkewe, chupa ishirini na tatu na tundu moja wazi. Akaisokota karatasi, akairudisha ndani ya chupa, akaichomeka chupa pale palipobaki wazi. Chupa ikajificha katika chupa. Alijiona mjanja sana.

Akafungua mlango.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba, mwanangu. Mama Josepha hajambo? Na mtoto huko kwa bibi yake Songea?"

"Hawajambo wote."

Huyo ndiye Mzee Nassibu, balozi wa nyumba kumi. Kazini alikuwa mlinzi mkuu wa geti wa kampuni moja ya kupakua mizigo bandarini. Kofia ya kiua, sauti laini, mtu wa kukujulia hali mpaka ukajiuliza umekosa nini. Nyuma yake walisimama wanamgambo wawili.

"Tunapita nyumba kwa nyumba," alisema. "Wewe huna neno, lakini tukikuruka watu watasema."

Vijana wakaingia. Wakafunua sanduku, wakachungulia uvunguni, wakatia mkono ndani ya debe la unga. Mmoja akalipiga kreti teke. Chupa zikalia.

"Na hizi?"

"Chupa tupu hizo," alisema Angelina, mkewe Marcelino, akiingia kutoka uani na mikono yenye povu. "Nazo siku hizi mnazikamata?"

"Mwenye chupa tupu ndiye tajiri, mama," mgambo alicheka.

Wala hakutania. Soda yenyewe ilikuwa ya kubahatisha, na hata ikipatikana huuziwi bila kutoa chupa. Kreti la Angelina lilikuwa limekwenda kwenye harusi, maulidi na kipaimara mara nyingi kuliko mwenye kreti.

Balozi hakulitazama kreti. Alikuwa anaipapasa mashine.

"Mdogo wako alikuwa akiipangusa kila siku. Imepona?"

"Bado kidogo."

"Bado nini?"

"Kuna mfereji ulikuwa umeganda." Neno lilimtoka, na lilipokwisha kumtoka akatamani alimeze.

"Umeganda na nini?"

"Kutu."

Kijiko kilikuwa sakafuni, hatua moja kutoka kwenye kiatu cha balozi. Mzee Nassibu akainama taratibu, akakiokota, akakigeuza. Mpini ulikuwa na alama ya kantini.

"Kutu," alisema, na kijiko akakitia mfukoni. "Risiti ya mashine unayo?"

"Ninayo."

"Ichukue twende tawini ukaiandikishe. Ni kwa usalama wako mwenyewe, mwanangu."

Mgambo mmoja alikwishamshika kiwiko. Marcelino akamtazama mkewe, akalitazama kreti, akamtazama tena mkewe. Angesema nini mbele ya watu wale?

"Chunga nyumba, mama Josepha."

Walikuwa na miaka kumi na miwili ya ndoa. Alidhani jicho limetosha. Wanaume hudhani hivyo, na wengi wamelala nje kwa kudhani.

Ofisi ya tawi la chama haikuwa na katibu. Palikuwa na benchi.

"Kaa umsubiri," balozi alimwambia. "Mimi nimealikwa pilau Magomeni, kwa ndugu zake jirani yetu Sitara, binti yake anaolewa leo. Nikichelewa watanilaumu."

Akaenda. Marcelino akakaa, mgambo mlangoni. Saa ya ukutani ilisogea kwa uvivu, saa tano, saa sita, na adhuhuri ikaadhiniwa. Kila dakika alijiambia chupa ipo, chupa ipo, Jumatatu naiweka mbele ya hakimu.

Alimfikiria pia Shaibu. Shaibu ndiye aliyeliendesha lile lori la sukari, na tangu siku hiyo hajaonekana. Mzee Nassibu aliieleza mahakama kwamba dereva huyo alitorokea kwao Newala na pesa. Mkewe, Mboni, alikwenda Newala, akarudi peke yake.

Marcelino alimjua Shaibu vizuri. Mtu mnene, mcheshi, na kidoleni pete ya fedha yenye jiwe jekundu la akiki aliyovikwa akiwa kijana mwembamba. Mwaka juzi kidole kilimvimba wakajaribu kuivua pale pale kwa Marcelino, kwa sabuni, kisha kwa oili ya kompresa, kisha Marcelino akachukua msumeno wa chuma. Alipoanza tu kuikwaruza, Shaibu akaurudisha mkono wake.

"Acha, fundi! Hii itatoka siku ya kuniosha. Waoshaji watajua wenyewe pa kuishikia."

Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Pete ikabaki na mkwaruzo wa msumeno, na Shaibu akajivunia mkwaruzo ule mtaa mzima.

Saa saba kasoro katibu akafika. Akaisoma risiti, akagonga muhuri, pa! "Nenda zako, ndugu."

Marcelino hakwenda, alikimbia.

Mlangoni kwake alisimama kama aliyepigwa kofi. Pembeni ya mlango palikuwa na mraba safi sakafuni, pale kreti lilipokuwa.

"Angelina! Kreti?"

"Amechukua Sitara."

"Nani kakwambia umpe?"

"Wewe!" Angelina alishika kiuno. "Jumapili iliyopita, hapo hapo ulipo, ulimwambia jirani usiwe na wasiwasi, siku ya ndoa ya Kuruthumu chupa zipo. Leo ndiyo siku. Nimwambie baba Josepha kapelekwa tawini na ahadi yake?"

Marcelino akakaa chini. Akamweleza yote, chupa, karatasi, saini. Angelina alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilitaka kuifuta vumbi," alisema polepole. "Nikaona ina uchafu ndani. Nikasema watajua wenyewe kiwandani."

"Hukukosea. Nilikosea mimi."

"Basi usikae hapo ukinipa pole. Kazipeleka kwa Bushiri. Kimbia!"

Alipanda baiskeli. Kwa Bushiri, wakala wa soda wa Mtaa wa Kongo, foleni ilipinda kona mbili, kila mtu na kreti kichwani au kapu mkononi. Marcelino akapenya.

"Foleni ni ya wote, fundi!" mwanamke mmoja alimkemea.

"Sinunui! Bushiri! Chupa za Sitara ziko wapi?"

"Lori la kiwanda limezizoa saa tano," Bushiri alijibu bila kuinua uso. "Saa hizi zinaoshwa."

Marcelino alishika kaunta kwa mikono miwili. Miaka kumi na mitano. Alimwona Pantaleo akitoka gerezani na mvi.

"Zote?"

"Zote ishirini na tatu."

"Zilikuwa ishirini na nne!"

"Moja niliikataa." Sasa Bushiri akainua uso, na alikuwa amekasirika. "Tangawizi ya Mzizima! Kile kiwanda kilikufa tukiwa bado na bendera ya mkoloni. Chupa yake niipeleke wapi, ahera? Nilimrudishia mwenyewe Sitara, na soda nikampa ishirini na tatu."

Ndugu msomaji, kama si ndevu zile za Bushiri, Marcelino angembusu.

Magomeni alifika jasho limelowesha shati. Ndoa ilikwishafungwa, ngoma inapigwa, harufu ya pilau imejaa uchochoro. Sitara alitoka jikoni na upawa mkononi, hina mpaka kwenye viwiko, na hakuwa na furaha ya kumwona.

"Umeniaibisha, Marcelino! Wageni wa jamvini ishirini na wanne, soda ishirini na tatu. Mjomba wa bwana harusi kanywa maji ya mtungi, na atayasema mpaka tunazikwa."

"Nisamehe, dada. Ile chupa iliyokataliwa ipo?"

"Ipo jikoni. Nimetilia samli."

Marcelino akamsogelea.

"Ndani yake kulikuwa na karatasi."

"Ile ya waridi? Ilitoka nilipoikung'uta." Sitara akapunguza ukali. "Ilikuwa na maana?"

"Iko wapi?"

"Mimi nimemaliza kisomo, cheti ninacho, lakini ile ilikuwa ya kimombo. Nikaona ina muhuri. Karatasi yenye muhuri si ya kutupa. Nikampa balozi anisomee."

Na nani asingefanya hivyo? Barua ya hospitali, barua ya mahakama, barua ya mtoto aliyeko jeshini, zote zenye muhuri mtaa mzima ulimpelekea balozi. Ndiyo kazi yake. Sitara alikuwa ametenda kama raia mwema, na kwa wema huo alikuwa ameipeleka shingo ya Pantaleo kwenye kisu.

"Akasema nini?"

"Aliisoma mara mbili. Akasema haina maana, ni ya kufungia karanga, akaitia mfukoni. Hata pilau hakumaliza. Balozi Nassibu, kuacha pilau!"

"Hakuuliza kitu?"

"Aliuliza chupa imetoka kwa nani."

"Ukamwambia?"

"Si kwenu? Nidanganye siku ya ndoa ya mwanangu?" Sitara alimtazama, akaanza kuogopa bila kujua anaogopa nini. "Akasema ngoja akamshukuru mama Josepha. Ana nusu saa tangu atoke, na gari ya kampuni."

Marcelino hakuaga.

Jangwani mnyororo wa baiskeli ulitoka. Hakusimama kuurudisha. Alikimbia akiisukuma, watu wakimpisha, mmoja akimuuliza nani amekufa. Hakumjibu kwa sababu hakujua.

Angelina yuko peke yake. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwake. Si Pantaleo, si hakimu, si sukari.

Barazani kwake walikaa wale wanamgambo wawili. Asubuhi walimcheka, sasa walitazama pembeni.

Ndani, mashine ilikuwa inanguruma. Mara ya kwanza tangu ije Kipata ilikuwa imechomekwa kwenye umeme, kitaa chake kimewaka, rangi yake nyekundu inang'aa. Angelina alikaa kwenye ncha ya kiti, mikono kaibana magotini. Kwenye kigoda cha Marcelino cha kufanyia kazi alikaa Mzee Nassibu. Juu ya meza ndogo, katikati ya spana na misumeno, alikuwa amepanga vitu viwili: kijiko kilichokunjwa na karatasi ya waridi.

"Karibu kwako, fundi," alisema. "Mama Josepha ameniwashia mashine. Nimemwomba mimi."

"Hajakugusa?" Marcelino alimuuliza mkewe.

Angelina akatikisa kichwa.

"Unanivunjia heshima," balozi alisema kwa upole ule ule. "Nimekaa na ninyi miaka tisa."

"Balozi, karatasi hiyo si yako."

"Ina saini yangu. Ni ya nani basi?" Akaichukua, akaikunjua gotini. "Geti pasi huandikwa nakala tatu. Ya njano inabaki kwenye kitabu cha geti, hiyo niliichana siku ile ile. Nyeupe anakwenda nayo dereva. Hiyo nayo ilipatikana. Ya waridi huwekwa faili la kantini, kwa ajili ya chakula cha wapakiaji. Nani angekumbuka kantini? Mimi sikukumbuka. Pantaleo alikumbuka. Miezi sita silali, mwanangu."

Akatoa kiberiti.

"Balozi!" Angelina alisimama. "Miaka kumi na mitano! Pantaleo kala Idi nyumbani kwako. Alikuwa anakuita baba!"

"Aliniita. Ndiyo maana yeye yu hai."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya nazi.

"Yeye?" Marcelino aliuliza. "Na nani hayupo?"

Mzee Nassibu alikuna njiti. Marcelino aliruka, lakini mlango ulijaa mgambo kabla hajapiga hatua ya pili, mmoja akamzunguka na rungu likamgusa kifuani. Karatasi ilishika moto pembeni, ikajikunja, saini ikawa nyeusi, na balozi akaitua ndani ya kisosi cha Angelina. Ilikuwa ndogo sana. Majivu yake hayakujaza hata kijiko.

Marcelino alilia. Sitaificha aibu yake. Alilia mbele ya mkewe na mbele ya vijana aliowatengenezea redio, kwa miezi mitano ya msasa, kwa mdogo wake aliyemwamini kwa neno moja, na kwa ujanja wake wa kuficha chupa katika chupa.

"Tokeni," balozi aliwaambia mgambo, nao wakarudi barazani. Akasimama, akajinyoosha, akavuta pumzi ndefu. Alionekana kapungua miaka kumi. "Yamekwisha. Mimi si mtu wa visasi. Jumatatu nendeni mkamsikilize mdogo wenu, mkimaliza mje tupange nani atampelekea sabuni."

Kisha akaigeukia mashine, na macho yakamlainika kweli kweli.

"Unajua, fundi, nilianza bandarini kijana. Hii ilikuwa ya wazungu. Wanatumbukiza sumuni, inatoa soda ina jasho la baridi, na sisi walinzi tunalamba midomo. Hata siku moja sikuwahi kuitia sarafu. Inameza hii shilingi yetu?"

"Nimelichonga tundu," Marcelino alijibu. Kinywa kilikuwa kinasema chenyewe.

"Hebu nione kazi ya mikono yako."

Akatoa shilingi. Akaiangusha. Ikaenda ikilia ndani, ting, ting, ting. Akashika mkono wa chuma, akauzungusha.

"Haina kitu," Marcelino alisema. "Mifereji yote mitu..."

Macho yakamwendea mezani.

Kile kijiko. Alikuwa amekipigania kwa nusu saa nzima. Kijiko hakiwezi kukaza namna ile kama hakuna kinachokisukuma kutoka juu, na chupa moja peke yake haina uzito huo. Asubuhi alikichomoa, chupa ya kwanza ikashuka, na hapo hapo ikaja hodi. Hakuwahi kuchungulia nyuma yake.

Ndani ya mashine kitu kilijigeuza. Kilianguka kidogo, kikasita, kikabingirika.

Kong'!

Chupa ya kijani, Tangawizi ya Mzizima, mdomo umezibwa kwa nta ya mshumaa, ilikuwa imelala kwenye kinywa cha mashine.

Mzee Nassibu alinyoosha mkono. Alikuwa karibu zaidi. Lakini kwa miaka kumi na miwili Angelina alikuwa akinyakua sufuria motoni kwa vidole vitupu, na chupa ikawa mkononi mwake kabla balozi hajafumba vidole. Akarudi nyuma mpaka dirishani, akaiinua kwenye mwanga.

"Mama Josepha," balozi alisema. "Nipe hiyo chupa. Nimeilipia."

"Marcelino," Angelina alisema, na hakumtazama balozi kabisa. "Humu hamna karatasi."

Aliitikisa. Ndani kikalia kitu kigumu. Akachimba nta kwa ukucha, akaipindua chupa, akaigonga kiganjani mara moja, mara mbili. Kitu kikakwama shingoni. Akagonga tena, na kikatoka.

Ilikuwa pete ya fedha. Ilikuwa imekatwa na kubanwa ili ipenye mdomo wa chupa. Jiwe lake la akiki lilikuwa limeshika kitu cheusi kilichokauka pembeni.

Marcelino akaisogelea. Hakuhitaji kuisogelea sana. Ilikatwa pale pale, kwenye mkwaruzo wa msumeno wake. Mtu fulani alikuwa ameikuta kazi imeanzwa, akaimaliza.

Itatoka siku ya kuniosha, fundi.

"Shaibu," alisema.

Wakamgeukia Mzee Nassibu wote wawili. Balozi aliitazama pete, akamtazama Angelina, akamtazama Marcelino, kama karani anayehesabu mizigo. Kisha akatembea mpaka mlangoni, na kwa kitambo kifupi Marcelino akadhani anakimbia.

"Vijana," aliwaambia wale wa barazani, sauti laini kama kawaida. "Nendeni mkanywe chai. Msirudi mpaka niwaite."

Viatu vyao vikashuka ngazi. Mtaani muuza kahawa aligonganisha vikombe vyake, akapita.

Mzee Nassibu akafunga mlango, akasukuma komeo, akavua kofia yake ya kiua na kuitundika msumarini. Msumeno wa Marcelino ulikuwa pale mezani, na aliyekuwa karibu na meza ni balozi.